Kumtunza mzazi mzee bila wewe mwenyewe kuanguka: maswali tunayoulizwa kila mara hapa Tabora

Nilimuuguza mama yangu miaka sita nyumbani Isevya, baada ya kiharusi kumchukua upande wa kulia. Siku hizi tuko wanawake kumi na mmoja na wanaume wawili, kila mmoja ana mzazi ndani, na tunakutana Jumamosi jioni chini ya mwembe. Anayekuja mara ya kwanza huuliza yale yale aliyouliza aliyemtangulia, ndiyo maana nimeyaandika. Mimi si daktari. Panapohitaji daktari nitakwambia uende.

Nitajuaje kama huu ni uchovu wa kawaida au jambo jingine?

Uchovu wa kawaida ukilala unaondoka. Huu mwingine unalala nao na unaamka nao. Unaanza kuchukizwa na sauti ya kikohozi chake. Unakaa chooni muda mrefu kwa sababu ndipo pekee mlango unapofungwa. Umeacha kusuka, umeacha kwenda kikoba, simu za marafiki huzipokei kwa sababu huna cha kuwaambia. Mimi nilijijua siku nilipotia chumvi kwenye chai mara mbili asubuhi moja. Ile ya pili niliiona kabisa kuwa ni chumvi, nikamimina hivyo hivyo.

Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York, aliandika kuhusu watu waliokuwa wakifanya kazi kwenye kliniki za bure. Aliona kuwa waliojitoa zaidi ndio waliokuwa wepesi wa kuzimika. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2019 liliieleza hali hiyo kuwa inatokana na mahali pa kazi, na halikuiita ugonjwa. Kumwogesha mzazi hawakukuhesabu. Aliyewahi kumgeuza mtu mzima kitandani saa tisa usiku anajua kama ile ni kazi au si kazi.

Ukifika mahali unatamani usiamke kesho, au unawaza kujidhuru au kumdhuru mzee, hapo usisubiri Jumamosi yetu. Mwambie mtu mmoja leo hii na uende hospitali.

Nikisema nimechoka, si nitakosa radhi?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote. Tumelelewa tukiambiwa radhi ya mzazi ni ngao, na anayelalamika anaitoboa. Mimi nilikaa miaka miwili sijatamka neno "nimechoka" ndani ya nyumba ile.

Aliyenifungua ni mama mwenyewe. Usiku mmoja nilikuwa nimeinama kumbadilisha, machozi yakamdondokea mkononi, ule mkono mzima. Maneno yake tangu augue yalikuwa yanatoka nusu nusu. Akanitazama akasema, "Kalale, mayo." Mayo kwa Kinyamwezi ni mama. Mzazi akimwita binti yake hivyo anambembeleza. Nikaenda kulala kwa saa mbili nzima. Asubuhi tulikuwa wote wazima.

Hajawahi kutokea mzee katika kikundi chetu aliyemnyima mtoto radhi kwa sababu alimtafutia mtu wa kumsaidia. Wapo waliokasirika kwa wiki moja. Hilo ni jambo jingine na linaisha.

Ndugu zangu wako Dar, Mwanza na Arusha. Wanapiga simu kunisifu tu. Nifanyeje?

Hapa nitakaa kidogo, maana nusu ya matatizo yetu yanaanzia hapa.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndugu yako aliye Dar haoni uzito, na si lazima awe mbaya. Anapiga simu saa moja jioni, mama ameshaogeshwa, ameshakula, anaongea naye dakika tano wanacheka. Halafu anakwambia, "Dada, Mungu atakulipa." Anakata simu akiwa na amani moyoni. Wewe unabaki na beseni.

Mimi nilinunua kauntabuku. Kwa siku saba niliandika kila nilichofanya na saa yake, bila lawama na bila kumtaja mtu. Jumanne ilisomeka hivi: saa kumi na moja alfajiri, shuka limelowa, nimebadilisha, nimefua. Saa kumi na mbili na nusu, uji, dakika arobaini kwa kijiko. Saa mbili, dawa ya presha, kaitema, nimempa tena. Saa nne, kumgeuza, kuangalia mgongo kama kuna wekundu. Saa sita, kumgeuza. Saa saba, ugali laini na mlenda, amepaliwa mara mbili. Saa nane, kumgeuza, shuka la pili. Na kuendelea mpaka saa nane usiku. Shuka nne siku hiyo. Nikapiga picha kurasa zote saba nikazituma kwenye kundi la familia la WhatsApp.

Siku mbili kimya. Siku ya tatu kaka yangu mkubwa akapiga. Hakusema habari ya Mungu kunilipa. Alisema, "Hivi ni shuka nne kila siku?"

Tukakaa kikao kwa simu, mjomba akiwa mwenyekiti, maana watoto wa mama mmoja wakibaki peke yao wanaanza kukumbushana ya mwaka 1995. Kila mtu alitaja jambo moja la kwake, lenye tarehe. Kaka akachukua pampasi za watu wazima, pesa inaingia tarehe 25. Dada wa Mwanza akachukua wiki mbili za Juni na wiki mbili za Desemba, aje mwenyewe. Mdogo wetu hana kazi ya maana, akachukua kupanga foleni ya kliniki na kufuata dawa. Huyo ndiye aliyenisaidia kuliko wote, na alikuwa anaona aibu kwamba hana hela ya kutoa.

Kwa hiyo ukiomba, usiseme "mnisaidie jamani". Hilo watu huitikia "amina". Sema, "Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi unakuja kulala hapa." Na ndugu akija likizo usimkarimu kama mgeni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ndugu wa damu mpe beseni siku ile ile. Dada yangu wa Mwanza alipomgeuza mama mara moja tu kwa mikono yake, hakuwahi tena kuniuliza kwa nini sipokei simu mchana.

Neno moja kwa kina kaka: mara nyingi anayebeba mama yenu si ninyi, ni mkeo. Mkamwana hana sauti kwenye kikao cha ukoo lakini ndiye anayefua. Mwiteni kikaoni, mumsikilize wa kwanza.

Mimi ni binti, baba anahitaji kuogeshwa. Naona aibu, na yeye anaona aibu zaidi. Tufanyeje?

Mtafute mjukuu. Babu na mjukuu ni watani, na utani huo unafanya kazi ambayo heshima ya mtoto na baba haiwezi. Mwenzetu mmoja wa Cheyo alihangaika mwezi mzima, baba yake anakataa kuvua shati mbele yake. Siku mtoto wake wa miaka kumi na tisa aliposhika ndoo, wakaanza: "Babu leo unanuka kama beberu." "Beberu ni baba yako." Mzee akaoga akicheka.

Kama mjukuu wa kiume hayupo, mwombe kijana wa jirani au wa msikitini au wa jumuiya, umlipe hata kidogo. Na kama hakuna mtu kabisa ni wewe tu, funika mwili wote kwa kanga au shuka, ufunue sehemu moja moja unayoosha, na umpe yeye kitambaa ajisafishe sehemu za siri kama mkono wake unaweza. Mtazame usoni, muongelee mengine. Baada ya wiki chache inakuwa kazi kama kazi nyingine.

Mgongo wangu umekwisha. Kuna namna ya kumnyanyua?

Ipo, na usijifunze kwangu kwa maandishi. Mpeleke mzee Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Kitete, uliza mtaalamu wa mazoezi tiba, mwambie akuonyeshe wewe, si mgonjwa tu. Watu wengi hawajui kuwa hilo ni ombi halali. Mambo mawili unaweza kuanza nayo leo: usimvute kamwe kwa mkono uliopooza, bega linachomoka; na uweke shuka lililokunjwa mara mbili chini yake, kutoka mabegani hadi mapajani, ili umgeuze kwa kuvuta shuka. Aliyelala tu ageuzwe kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda. Usiku mgawane na mtu mwingine.

Mama anasahau, anasema namwibia, usiku anatoka nje. Majirani wameanza kunong'ona.

Pole sana. Hili la mwisho ndilo linalonitisha zaidi.

Kwanza, tofautisha. Kama amebadilika ghafla, jana alikuwa sawa na leo hajui yuko wapi, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari kushuka au kiharusi kipya vinaweza kumvuruga mzee akili ndani ya saa chache, na vingi vinatibika. Kama imekuja polepole kwa miezi na miaka, huenda ni ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Huo ni ugonjwa wa ubongo. Si uzee tu, na si mkono wa mtu.

Anaposema umemwibia kanga, usibishane naye. Kanga kwake imeibwa kweli. Sema, "Ngoja tuitafute," muitafute pamoja, na baada ya dakika kumi mtakuwa mnaongea habari za Urambo mwaka wa njaa. Mimi nilijifunza kununua kanga mbili za aina moja.

Sasa kuhusu manong'ono. Sote tuliokulia ukanda huu wa Unyamwezini na Usukumani tunajua bibi mwenye macho mekundu alivyoitwa: mchawi. Macho yale ni moshi wa kuni wa miaka sitini. Bibi anayetembea usiku na kuongea peke yake anaweza kuuawa kwa sababu ya ugonjwa wake. Usinyamaze ukidhani yatapita. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, nenda kwa shehe au padri au mchungaji, waambie kwa maneno haya: "Mama ana ugonjwa wa kusahau, mkimwona nje usiku mshikeni mkono mnirudishie." Sisi mwenzetu mmoja alipofanya hivyo, waliokuwa wakinong'ona ndio walioanza kumrudisha bibi nyumbani. Kumtaja mtu kuwa ni mchawi ni kosa kwa Sheria ya Uchawi, ambayo ipo tangu 1928. Ukisikia vitisho vya wazi, nenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, na umhamishe mama alale kwa ndugu wakati suala linashughulikiwa.

Hapa Tabora msaada uko wapi hasa?

Anza na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Wengi tunadhani ofisi ile ni ya watoto na ndoa zilizovunjika. Kumbe wazee pia ni wao. Hospitali kubwa nayo ina dawati la ustawi wa jamii, na ndilo la kuuliza habari ya msamaha wa gharama. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mwenye miaka 60 na kuendelea, na Sera ya Afya ya 2007 inasema mzee asiye na uwezo atibiwe bure. Karatasi inayofungua mlango ni kitambulisho cha mzee, ambacho safari yake huanzia kwa mtendaji wa mtaa au kijiji. Kifuatilie wakati mzee ni mzima. Kukitafuta huku mgonjwa yuko kwenye bajaji nje ni adha.

Sitakuficha kwamba sera na dirisha ni vitu viwili. Kuna kituo kimoja tulikaa saa nne mbele ya dirisha lililoandikwa Wazee, mama kwenye kiti cha plastiki, na ndani hapakuwa na mtu. Siku hizi naingia kwanza kwa mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, namsalimia kwa adabu, namuuliza leo nani anahudumia wazee. Inafupisha mambo.

Mtumishi anayechangia bima ya afya ya taifa aulize kumwandika mzazi kati ya wategemezi wake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023 na taratibu zinaendelea kubadilika, kwa hiyo ulizia upya hata kama mwaka juzi ulikataliwa. Kama kaya yenu ni maskini sana, muulize mtendaji kuhusu TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaweza kupita nyumbani. Mwombe mmoja akupimie presha na wewe, si mama peke yake.

Na usisahau vilivyo karibu. Kikundi cha kufa na kuzikana kina watu, sufuria na daftari la zamu. Sisi tuliwauliza wenzetu: mbona tunapangiana zamu za msiba tu, mgonjwa akiwa hai hatupangiani? Wakacheka, halafu wakatupangia. Kwa saa mbili kila Alhamisi, mtu anakuja kukaa na mama ili mimi nitoke. Mara ya kwanza nilikwenda sokoni nikajikuta sina cha kununua. Nilizunguka tu.

Naweza kumpeleka makazi ya wazee Ipuli?

Makazi yale ya serikali yapo kwa ajili ya wazee wasio na mtu wa kuwatunza. Mwenye watoto kwa kawaida hatapokelewa, na njia ya kufika pale ni kupitia ustawi wa jamii. Anayeuliza swali hili mara nyingi hataki kumtupa mzazi wake, anataka wiki mbili za kulala. Soma tena jibu la ndugu hapo juu.

Nimeajiriwa. Sheria inanipa likizo ya kumuuguza mzazi?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ilivyoandikwa, inatoa siku nne zenye malipo kwa mtoto wako akiugua au akifa. Kwa mzazi, inataja kifo tu. Yaani baba akiwa hoi hupewi, akishafariki unapewa. Nimelisoma mara tatu nikidhani nimekosea. Imefanyiwa marekebisho tangu hapo, kwa hiyo waulize watu wa utumishi au chama chenu cha wafanyakazi hali ikoje leo. Likizo ya mwaka ya siku 28 ipo. Wengine huomba igawanywe vipande vipande kufuata tarehe za kliniki, na bosi mwelewa hukubali ukimwambia mapema.

Dada wa kazi je?

Ajiri mtu mzima, asiwe binti wa miaka kumi na tano ambaye hawezi hata kumgeuza. Mweleze kazi yote kabla hajakubali, pamoja na haja kubwa. Mlipe kwa tarehe. Na yeye umpe siku ya kupumzika, la sivyo umehamishia tatizo lako kwa mtoto wa mwenzio.

Niko Urambo, msimu wa tumbaku umefika. Nani anabaki na mzee?

Tumbaku haisubiri. Ikiwa bani, lile banda la kukaushia tumbaku, limewashwa, moto hauachwi usiku wala mchana. Waliofanikiwa kwetu ni wale waliopanga kabla ya mvua: kaya tatu zenye wazee zinakubaliana, mtu mzima mmoja anabaki kwa zamu na wazee wote watatu kwenye ua mmoja chini ya kivuli, wengine wanamlimia sehemu yake ya shamba. Wazee nao wanapata wa kuongea naye. Chakula kiwe chepesi: michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) iliyochemshwa ikalainika, uji mzito. Aliyepata kiharusi alishwe akiwa amekaa wima na abaki wima nusu saa, na uangalie zaidi maji matupu, ndiyo yanayompalia.

Usiku silali kwa sababu anaamka kukojoa mara tano.

Muulize daktari kama dawa yake ya presha ni ile ya kukojosha na kama inaweza kunywewa asubuhi. Chai ya mwisho iwe saa kumi na moja jioni. Weka poti kando ya kitanda. Mwanaume anayeamka mara nyingi na mkojo unatoka kwa shida akapimwe tezi dume.

Jana nilimfokea mama, nikamvuta mkono kwa nguvu. Mimi ni mtu wa aina gani?

Mtu aliyefika mwisho. Mimi nilimtupia mama kijiko. Hakikumpata, kiligonga ukuta, na yeye akainamisha kichwa kama mtoto. Nimewaambia wenzangu kisa hicho mara nyingi na bado sauti hunitetemeka.

Ukihisi mkono unapanda, hakikisha hawezi kuanguka, kisha toka nje. Ndiyo, mwache na shuka lililolowa dakika kumi. Shuka halijawahi kumuua mtu. Nawa uso, mpigie mtu mmoja mliyekubaliana naye awali kwamba utampigia hata usiku. Ukirudi, mwombe msamaha kwa maneno, hata kama unadhani haelewi. Lakini kama imetokea zaidi ya mara moja, msamaha hautoshi: huwezi kuendelea peke yako na lazima mtu mwingine aingie ndani ya nyumba hiyo wiki hii. Mwambie mwenyekiti wa mtaa, mwambie mjomba, njoo kwetu.

Baba alifariki mwezi uliopita. Mbona bado naamka saa nane usiku?

Mwili haujaambiwa. Wangu ulichukua karibu mwaka. Nilikuwa naamka, nakaa kitandani, nasikiliza. Na ndiyo, nilihisi nafuu, halafu nikajichukia kwa kuhisi nafuu, halafu nikalala mchana siku kumi mfululizo. Wenzangu wote waliozika wamepita humo humo.

Endelea kuja Jumamosi. Tuna mwenzetu mpya, mama yake alianguka kisimani wiki iliyopita, hajui hata kukunja lile shuka. Wewe unajua.